Jina Nililomvika Rubani

Sogeeni, wanangu. Zita, funga hicho kidirisha, baridi hii ya Julai inanimalizia pumzi niliyoiweka kwa ajili ya maneno. Bwana Vitus, wewe ndiwe mtendaji wa kijiji, kaa hapo mezani uandike ninavyosema, usinipambe. Akili zangu ni timamu, kilichooza ni mapafu. Nimewaita watoto wangu watatu na watatu mmekuja, hata wewe uliyetoka Dar na gari la vioo vyeusi, wewe ambaye hukuja kumzika mama yako. Asinikatize mtu, kwa sababu nikikatika sitaanza tena.

Mali kwanza, maana ndiyo mnayoiwaza. Nyumba hii na shamba la viazi la bondeni ni vya Zita, aliyenilisha na kuniogesha miaka miwili bila kununa, ingawa haki ya kununa alikuwa nayo. Akitokea mtu wa ukoo akasema mwanamke harithi, mwonyesheni mashuka yangu, mumwulize alifua mangapi. Msitu wa mipaini, ule ulio juu ya barabara ya Makambako, ni wa Anselmi. Hapo ndipo penye kazi, bwana Vitus, kwa sababu humu chumbani kuna Anselmi wawili, mmoja wa karatasi na mmoja wa ubatizo, na wewe ulikuwa hujazaliwa jambo hili lilipofanyika.

Andika basi. Anselmi wa ubatizo ni huyo aliyekaa karibu na mlango, ambaye mguu wake wa kulia ulipooza akiwa na miaka mitatu. Kitambulisho chake kinamwita Joackim na watu wanajua kwamba aliishia darasa la saba. Huyo ndiye aliyefaulu kidato cha sita, fizikia, kemia na hisabati, mwaka ambao kata nzima ilitoa mtu mmoja tu. Na huyu mwenye saa kubwa, meja, rubani wa jeshi, ambaye wakubwa zake wanamjua kama Anselmi Odilo Mwalongo, ni Joackim, mdogo wake. Ndiye aliyeishia la saba akaenda kushika spana katika karakana ya misheni.

Mwaka ule jeshi lilitangaza kwamba linatafuta vijana wa kufundishwa urubani, likataka cheti cha sayansi na mwili usio na dosari. Vyote viwili nilikuwa navyo nyumbani, ila havikukaa kwa mtoto mmoja. Joackim sitamnyima haki yake: mashine ya kusaga ikigoma alikuwa anaisikiliza tu, anajua ugonjwa wake, na kandege ka padre kalipoharibika pale uwanja wa Njombe alishinda chini ya injini siku mbili mpaka kakaruka. Miezi minane mizima kaka yake alikaa naye kwenye matuta ya viazi akimfundisha Kiingereza na hesabu, akidhani anamwandaa afanye mtihani wa kujitegemea kama watu wengine. Mimi nilikuwa napita na jembe langu, nawasikia, nikawa nimeshapanga yangu.

Siku moja tunakula mchana nikasema, wewe Anselmi jeshi halitakuchukua kwa ajili ya mguu, na huyu halitamchukua kwa ajili ya karatasi, basi cheti kiende na miguu. Hukusema ndiyo, mwanangu, wala hukusema hapana. Ulisukuma sahani yako ukatoka, nami nikaichukua kuwa ni ndiyo, kwa sababu ndiyo ilinifaa. Nilitamani kuitwa baba wa rubani. Na niseme lingine ambalo sijawahi kulisema: niliuonea aibu mguu wako. Ulikuwa ukipita kanisani kwenda kukomunika, mimi naangalia chini.

Wakaja watu wawili wa upekuzi na gari, maana jeshi halimchukui mtu bila kumwulizia kwao. Wakanikuta hapo uani, Anselmi anachambua mbegu za viazi. Wakauliza, "Mzee, Anselmi ni mwanao?" Nikajibu ni wangu, mtoto mzuri, hana ugomvi na mtu. Mmoja akamnyooshea kidole aliyekuwa anachambua, akauliza, "Na huyu?" Nikamwambia, "Huyo ni Joackim. Aliishia la saba, si unamwona." Nilisema mbele yake, naye alinisikia, akaendelea kuchambua, vizuri huku, vibovu kule. Majirani nao walipoulizwa walijibu hivyohivyo. Wengine walidhani wananisaidia, na wengine walitaka tu kijiji kiwe na mtu wa ndege.

Hapo mama yenu Lidia alihamia chumba cha Zita, na hakurudi mpaka anakufa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana ndipo ninapokwama kila nikitaka kuungama. Joackim alikuwa ameshapanda treni Makambako, ana wiki tatu kambini, ilipokuja barua kwa njia ya parokia. Ilikuwa ya chuo kikuu. Ilimwita Anselmi Odilo Mwalongo akasomee uhandisi, gharama zote juu ya serikali, na haikuuliza habari za mguu. Niliisoma mara mbili. Nikaona wakitokea Anselmi wawili serikalini, mmoja atafungwa, na mwenye kufungwa atakuwa yule niliyekwisha kujisifia. Nikaitia motoni jikoni. Ulipouliza, Anselmi, kama kuna barua, nilikuambia nafasi huwa wanapeana wenyewe kwa wenyewe. Ukaamini kwamba hukuchaguliwa. Miaka ishirini na saba umeamini hivyo. Usiniangalie, mwanangu. Au niangalie, nimestahili.

Na hata baada ya hapo ulimbeba mdogo wako. Kila mwisho wa mwezi ilikuwa inafika bahasha ya maswali aliyoshindwa darasani, mambo ya upepo na uzito na nyuzi za pembe, juu imeandikwa kwa Joackim kutoka kwa Anselmi, na wewe unakaa unakokotoa, unarudisha. Alipovishwa mabawa kifuani, nusu ya mabawa yale yalitengenezwa hapa nyumbani. Akarusha ndege, na alizirusha vizuri, sikatai, maana cheti hakiinui ndege. Wewe ukabaki barazani unafundisha watoto wa watu hesabu bure. Wamekuwa madaktari, na wakirudi likizo wanakusalimia "shikamoo mwalimu" halafu wanaulizana chinichini kwa nini mtu mwenye akili hivi hakusoma.

Na wewe Joackim ulirudi mara ngapi? Ulileta bati, ukapiga picha, ukaondoka. Siku tatu zilizopita umekuja, nikadhani umekuja kuniona. Ukaniambia, "Mzee, ningojee miezi saba nistaafu, usiseme neno." Nilikuwa tayari kukungojea. Kisha ukatoa karatasi ya msitu, ukasema imeandikwa Anselmi, na Anselmi ni wewe. Mlima ule kaka yako aliupanda kwa magoti, miche anaivuta kwenye kiroba nyuma yake. Umechukua jina lake, umekula nalo, umeoa nalo, na bado umeona miti.

Bwana Vitus, andika kwamba msitu ni wa Anselmi mwenye mguu huu, aliyebatizwa jina hilo, na kitabu cha ubatizo kiko parokiani. Karatasi hii ipelekwe panapohusika. Najua ninachokufanyia, Joackim. Nilikufanya mkubwa kwa uongo bila kumwuliza mtu, na leo nakuvunja kwa ukweli, tena bila kumwuliza mtu, hata huyu ninayemtetea hakuniomba. Ndivyo nilivyokuwa baba. Ungeuacha msitu, ningekufa nimenyamaza, na hilo nalo ni ovu langu.

Mnizike pembeni ya Lidia kama ndugu zake watakubali. Wakikataa, msigombane nao. Jeneza la mbao za kawaida. Asije mwanajeshi yeyote kupiga saluti.

Zita... maji kidogo. Inatosha.

Niwabariki sasa. Mkono huu hauinuki, mtauinua wenyewe mkauweke kichwani. Zita, Mungu akulipe, mimi sina cha kukulipa. Watoto wako wakuheshimu. Amina.

Anselmi, njoo.

Anselmi... mwanangu, sogea nikushike.

Hapana. Keti, Joackim. Kaa chini. Sikukuita wewe.

Zita, mguse huyo mlangoni. Mwambie ni yeye ninayemwita.