Ukuta wa Timazi na Alama Nyekundu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao pembeni mwa njia panda, mguu mmoja umefungwa waya, na jiko la mkaa la Shangazi muuza kahawa likifuka kando yake. Ng'ambo ya barabara, usoni kabisa mwa benchi, kuna ukuta wa Timazi. Timazi ni fundi mwashi, na jina alilipata kwa ile kamba yenye kipande cha chuma inayopima kama ukuta umesimama wima, maana miaka thelathini hajajenga kitu kikalala upande. Nusu ya kuta za mtaa ni kazi ya mikono yake. Huu, hata hivyo, ndio wa kwanza kuujenga kwake mwenyewe, na tangu aumalize hakosi benchini, anakunywa kahawa macho kayaelekeza huko huko. Sasa juzi asubuhi watu wa manispaa wakapita na ndoo ya rangi, wakaupiga alama kubwa nyekundu ya kukata, na chini yake wakaandika: BOMOA. SIKU SABA. Mbili zimeshakwenda, na leo kijiwe kimejaa kabla kahawa haijachemka.

— Hebu turudi nyuma, alisema Wakili. Umekosea wapi?

Wakili hakusomea sheria hata dakika moja. Aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi aliyepotea, akakaa siku tatu kwenye korido bila kuitwa ndani, na alichokisikia koridoni ndicho anachojifanyia uwakili mpaka leo.

— Sijakosea, alisema Timazi.

— Mtu lazima akosee, bwana.

— Mimi sijakosea. Nenda kapime. Kwenda juu, mbele futi tano, kwa sababu mbele manispaa hawataki zaidi ya hapo. Nyuma saba. Pale kona sikuacha ncha, nimeikata mshazari ili dereva anayetoka huku amwone anayetoka kule. Geti linafunguka kwa ndani, halimpigi mpita njia. Bikoni zangu nne za mpaka ziko pale pale zilipopandwa, na msingi haujazivuka hata kwa unene wa mwiko. Maji ya mvua nimeyaachia matundu, hayamwendei jirani. Nimekosea wapi?

Aliyasema yote kwa pumzi moja, kifua mbele. Lakini ndani ya kifua hicho moyo ulikuwa ukimwenda mbio tangu juzi. Mkewe alikaa miaka yote nyuma ya mabati chakavu yaliyoegemezwa kwenye miti, huku akimwona mumewe anatoka na mwiko kila asubuhi kwenda kuwajengea wengine. Siku ukuta ulipokwisha, mama huyo alitoka nje, akaupapasa kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi jikoni. Timazi hajawahi kusifiwa namna ile na tajiri yeyote. Ukivunjwa, atamtazama kwa jicho gani?

— Tatizo ni hizo hizo futi tano, alisema Wakili. Ukuta ukishapita kiuno cha mtu mzima, kisheria hauitwi ukuta tena. Unaitwa nyumba isiyo na paa.

— Nyumba?

— Nyumba kamili. Na nyumba lazima iwe na choo. Wewe choo cha ukuta kiko wapi?

Shangazi alisimamisha birika hewani.

— Choo cha ukuta atakitumia nani, wewe?

— Shangazi, mimi nasema iliyoandikwa.

— Imeandikwa wapi?

— Kule.

Pindo alitikisa kichwa. Huyu ni fundi cherehani, kamba ya kupimia haimtoki shingoni hata akienda msibani, na kila jambo la dunia yeye hulitazama kama nguo.

— Acheni kumtisha mwenzenu, alisema. Alama naijua mimi, ndiyo kazi yangu. Alama ile ni ya mkasi. Barabara imewabana, wanataka kuifungua pindo, iwe pana kidogo. Basi.

— Mbona wameandika bomoa?

— Na mimi nikiandika "punguza" kwenye suruali ya mtu, si naishona upya? Watakuja wataufumua, wausogeze ndani hatua tatu, wakurudishie.

— Pindo, ukuta haufumuliwi.

— Ndiyo maana wamechukua siku saba. Suruali mimi ni siku moja.

Timazi alicheka bila kupenda. Wakili hakucheka, maana yeye akipokonywa mazungumzo huumwa kabisa. Alisogea mbele ya benchi, mguu wa waya ukalia.

— Sikilizeni niwaambie kitu ambacho hakisemwi. Siku hizi kuna mashine huko juu mawinguni, zinapiga picha usiku na mchana. Zinatafuta mistari. Sasa kuta za mtaa huu zote zimepindapinda, mashine ikipita inaona vichaka tu.

— Zipi zimepinda? Nusu nimejenga mimi!

— Nasema ile nusu nyingine, usinikatize. Ikaja ikafika kwako. Ikaona mstari umenyooka, safi, hauna kona ya bahati mbaya. Mashine ikajua hii ni barabara ya lami. Ikaiandika. Kwa hiyo ofisini, kwenye ramani, pale kwako ni barabara kuu, na katikati ya barabara kuu kuna mtu kajenga ukuta. Wafanyeje?

— Yaani ukuta umejengwa juu ya ukuta? aliuliza Shangazi.

— Kwenye ramani, ndiyo.

Timazi alijua ni upuuzi mtupu. Hata hivyo yale maneno ya mstari ulionyooka yalimwingia vizuri, akajikuta amenyoosha mgongo na kumwomba Shangazi amwongezee Wakili kikombe.

Pindo akaona anaachwa nyuma.

— Kama ni hivyo, basi ni kubwa kuliko mnavyodhani, alisema. Wanauchukua.

— Wanauchukua wapi?

— Ofisini. Uwe ukuta wa mfano. Vijana wanaosomea uashi wawe wanaletwa pale, wanaambiwa tazameni, hivi ndivyo mtu hujenga. Wameutia alama wasije wakauchanganya na mwingine.

— Na hilo la kubomoa?

— Utaupitishaje mlangoni ukiwa mzima?

Benchi zima likaangua kicheko. Timazi naye akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akatulia na kusema kwa sauti ya mtu asiyetania:

— Kama ni mfano, wachukue upande wa kona. Pale ndipo nilipofanya kazi.

Hapo akafika dada mmoja ameshika chupa ya kutilia kahawa. Amehamia mtaani wiki hii, kapanga nyumba ya pili kutoka njia panda, na kijiwe kilikuwa hakijampa jina bado.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

Alimpa Shangazi chupa, akageuka kuutazama ukuta.

— Jamani, ukuta mzuri ule. Kila siku nikipita nauangalia. Kaujenga nani?

— Mimi, alisema Timazi kabla mwingine hajafungua mdomo.

— Hongera, baba. Na kibali aliomba nani?

— Mwenye nyumba, alijibu Timazi hapo hapo.

Jibu lilitoka lenyewe. Miaka thelathini, kila anapoitwa kwenye kazi, fundi huyu alikuwa na sharti moja tu: yeye ni mchanga, saruji na tofali, habari za karatasi amalize mwenye nyumba. Ameacha kazi tatu kwa sababu mwenye nyumba alikuja mikono mitupu. Akishahakikishiwa, huchimba msingi na haulizi tena. Hata kwake alichimba msingi, akapanga tofali, akapiga lipu, na suala la kibali halikumpitia kichwani hata mara moja, kwa kuwa halikuwahi kuwa kazi yake.

— Na mwenye nyumba ni nani? aliuliza yule dada.

Wakili alichungulia ndani ya kikombe chake kama aliyedondosha kitu humo. Pindo alianza kuikunja kamba yake, akaikunjua, akaikunja tena. Siku mbili walikuwa wamelitafuta kosa barabarani, ofisini na mawinguni, na mwenye nyumba, Timazi mwenyewe, alikuwa amekaa katikati yao.

— Ina maana hakuna aliyekwenda kuomba? alisema dada kwa upole. Kule nilikotoka walitupaka alama hivi hivi. Tukapeleka maombi na mchoro kabla siku hazijaisha, akaja afisa akapima. Alipoona kila kitu kiko sawa, wakatupa kibali, na alama tukaifuta wenyewe.

— Anapima? aliuliza Timazi.

— Lazima apime, baba. Urefu, kona, bikoni, kila kitu.

— Aje, alisema Timazi. Mwambieni aje na kamba mpya. Aje na mwenzake wa kumshikia upande wa pili.

Aliinuka, kikombe akakiacha nusu, akavuka barabara kwa hatua ndefu. Aibu ilikuwepo, masikio yalikuwa yanamwaka moto, lakini furaha ilikuwa inaipita aibu mbio. Mtu anakuja kuupima ukuta wake! Mkewe alikuwa getini, ufagio mkononi, ameona benchi lote limegeuza shingo.

— Mama watoto, nitolee lile shati jeupe. Naenda manispaa.

— Kuna nini tena? Unakwenda na nani?

Timazi akavuta pumzi.

— Na mwenye nyumba, alisema.

Mkewe alimtazama kuanzia kofia yenye vumbi la saruji mpaka ndala, kisha akautazama ukuta. Akauegemeza ufagio pale pale kwenye ile alama nyekundu.

— Basi mwambie mwenye nyumba avue hiyo kofia kwanza, alisema, na anisubiri. Tunakwenda wote.