Tembe za Mayi Chini ya Magunia

Wachungaji, wazee, wakwe na majirani, mimi ni Derrick, kitinda mimba, yule wa degree mnayemuuliza kila Jumapili kama amepata kazi, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, Dinah Nasimiyu Wakoli.

Mayi alizaliwa tarehe 9 Mei 1953 hapa Chwele, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa na marehemu baba yetu mwaka wa 1972, wakahamia Kiminini, wakajaliwa watoto wanne, na kuanzia 1980 aliuza mboga soko la Kitale hadi sote tukamaliza shule.

Alianza kukohoa Februari 2007, akatibiwa TB ambayo hakuwa nayo, kisha daktari Nairobi akasema ni saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa, na hapo mkaanza, ati mwanamke wa kwaya alikuwa anavuta sigara ya nani. Hakuvuta. Kipande cha uvimbe kilipelekwa ng'ambo kupimwa, jibu likaja kwamba jeni za saratani yenyewe zimebadilika, si kitu cha kurithi, si damu mbaya ya kwao, na kwamba ziko tembe zinazolenga badiliko hilo, moja kila siku.

Alianza kuzimeza Juni 2008, na kufikia Agosti alikuwa amerudi sokoni, ila uso ulijaa vipele. Daktari alitueleza kwamba hiyo ni side effect, na mara nyingi ni ishara dawa inafanya kazi, lakini nyinyi mlikuwa na lab yenu, ati ni ukimwi, ati kikombe chake kioshwe kando. Novemba uso ukawa laini, tukachinja mbuzi, mkaimba. Januari kikohozi kikarudi, na tarehe 21 Machi 2009 Mayi akatuacha hospitalini Bungoma.

Juzi tulipotoa mahindi ya matanga ghalani, dada yetu Emmy alipata maboksi ya tembe chini ya magunia, hayajafunguliwa, na kabla ya jioni mlikuwa mmeamua ni uncle Festus, mdogo wa baba, kwa sababu ndiye aliyekuwa akizileta kutoka Nairobi, ati alimficha dawa arithi shamba, ati leo asiguse udongo wa kaburi. Hata mimi nilimuangalia vibaya. Lakini maboksi yalifungwa kwa kitambaa cha kwaya cha Mayi, kwa lile fundo lake la sokoni ambalo sisi wote hushindwa kulifungua, Emmy akalikata kwa kisu. Mayi aliziweka huko mwenyewe, na tarehe za maboksi zinaanza Oktoba, kabla tu uso haujawa laini, si mnajua ni kwa nini.

Tunawashukuru madaktari, wamama wa soko la Kitale, majirani waliokunywa kwa kikombe chake, na waliokataa pia, maana chakula kimepikwa cha wote. Udongo wa kwanza atatupa uncle Festus.

Pumzika kwa amani, Mayi, huko hakuna wa kukukagua uso.