Savarimuthu, Aliyepeleka Barua kwa Miguu Mpaka Palani

Mimi ni Arulmary, mdogo wake marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake. Nitajitahidi nisilie, ila siahidi.

Kaka yetu Savarimuthu alizaliwa Karumathampatti tarehe 3 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa mzee Arulappan, mfumaji. Alisoma shule ya parokia, kisha akaenda Madras kusomea sheria za kazi. Likizo alikuwa akirudi amekonda mpaka mama analia.

Mwaka 1974 aliajiriwa kiwanda cha nyuzi hapa Coimbatore. Kazi yake haikupendwa na mtu: kumpelekea mfanyakazi barua ya kumtaka ajieleze, kuandaa kikao cha nidhamu na, ikibidi, kumwachisha kazi.

Alimwoa Philomina tarehe 14 Mei 1978. Wifi hutuchekesha mpaka leo: "Nyumba hii, mtoto akivunja sahani haadhibiwi mpaka asomewe kosa, ajitetee, na alete ndugu yake wa kumsemea!"

Januari 1986, fundi mashine Murugesan alimzaba kofi msimamizi wake mbele ya zamu nzima, na tayari alikuwa na onyo kali. Kesho yake akaondoka kwa miguu kwenda hekalu la kilimani Palani kutimiza nadhiri ya Thaipusam, sikukuu ya Wahindu. Meneja hakutaka kungoja.

"Bandika barua mlangoni kwake, muda ukipita tumfukuze."

"Nyumba imefungwa, bwana. Nani ataisoma, kufuli?"

"Savari, asipofukuzwa yeye, utaondoka wewe!"

Philomina alikuwa mjamzito. Hata hivyo kaka alipanda basi, akashuka Udumalpet, mji ulio njiani kwenda Palani, akamtafuta Murugesan katikati ya mahujaji mpaka akamwona.

"Bwana, sishiki karatasi ya kesi nikiwa na nadhiri."

"Basi nitakungoja."

"Utaningojea wapi? Mimi natembea!"

Kaka, Mkatoliki wa kufunga kila Ijumaa, akavua viatu akaingia msafarani. Jamani! Murugesan aliposhuka kutoka hekaluni, kaka alimsomea barua yote kwa Kitamil, akamtajia siku ya kikao na kumwambia aje na mwenzake wa kumsemea. Alirudi nyumbani nyayo zimejaa malengelenge.

Kikaoni Murugesan alisema, "Nilimpiga, kweli. Alimtukana mama yangu. Lakini onyo nilikuwa nalo, nalijua." Yote yaliandikwa, na tusi pia, na msimamizi naye akapewa onyo. Murugesan aliachishwa kazi. Kaka ndiye aliyemkabidhi barua, mkononi. Meneja alinuna mwaka mzima, lakini hakuthubutu kumgusa kaka, maana habari ya Palani ilishaenea kiwandani.

Kaka alistaafu mwaka 2007. Mwaka 2018 aliugua figo, na tarehe 11 Juni 2019 asubuhi alituacha, Philomina akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, wanawe Jerald na Sahayam, na mimi. Ameacha pia mzee Murugesan, yule pale kando ya jeneza. Alikuja nyumbani kuomba jina lake liingizwe kwa wafiwa. Nikamuuliza, "Kaka si ndiye aliyekufukuza?"

"Ndiye, dada. Wakubwa wengi wamenifukuza maishani. Huyu peke yake alinisikiliza kwanza."

Tumeliandika. Mungu naye akusikilize, kaka, kisha akupumzishe kwa amani.