Sylvance Otiende, Aliyelitoa Boma Lake Mwenyewe kwa Haidrojeni

Mimi Awuor, dada yake mdogo, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya ndugu yetu. Mliotoka mtaa wa Tena, Donholm na Homa Bay, asanteni kwa kufika hapa makaburini Lang'ata. Kuna mambo kamati ya mazishi ilitaka niyapunguze. Sikuyapunguza.

Marehemu Sylvance Otiende alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 kijijini Kadhiang'o, kando ya ziwa, Homa Bay. Alikuwa kifungua mimba wa Mama Nereah na marehemu Mzee Jackton. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975, kisha akaja Nairobi kusomea ufundi wa mabomba.

Mwaka 1978 aliajiriwa na idara ya maji ya jiji, akatumika hadi alipostaafu 2016. Kazi yake ilikuwa kutafuta mabomba yanayovuja. Alfajiri, kabla ya kelele za magari, alisimamisha ufito wa chuma barabarani, akaweka sikio. Wiki moja maji yalipotea mtaani Tena, na Kavinya, anayeuza mboga, akamwambia, "Mzee, skiza hiyo chuma yako basi, sisi tunakauka!" Akasikiliza. "Iko hapa chini ya meza yako," akasema. Wakachimba, wakalipata bomba lililopasuka. Kavinya yuko nasi leo, na bado analalamika kuwa alihamishwa bila notisi.

Alifunga ndoa na Peres Anyango tarehe 3 Desemba 1983, wakajaliwa Jackton na Lorraine. Hakuwahi kumpandishia mkewe sauti. Mimi alinipandishia, mara nyingi.

Mwaka 2021 kampuni moja ilitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha haidrojeni ya kijani. Umeme wa jua ungetenganisha maji, haidrojeni ipatikane, na hiyo itumike kutengeneza mbolea. Walimtaka yeye kwa kuwa alijua maji na kijiji kilimwamini. Nilimwomba asubiri. Akanijibu, "Awuor, kiwanda kama hiki kinafuata maji. Maji nimeyafanyia kazi miaka thelathini na nane." Aliona ziwa, akaona hakuna la kuuliza zaidi. Akawashawishi jamaa wote watie sahihi kukodisha ardhi yetu ya Kadhiang'o kwa miaka arobaini na mitano. Februari 2022 alipanda juu ya nyumba yake mwenyewe kule kijijini, akaezua mabati ili kiwanja kiwe wazi.

Waya ukazungushwa. Kiwanda hakikuja. Mwaka 2024 nilimsindikiza ofisini kwao, na afisa wao, Bedan, akaeleza kwa upole ulionikera: "Mzee, maji ni kitu kidogo sana. Gharama iko kwa umeme, na tunautaka mchana na usiku. Jua linazama. Umeme wa mvuke wa ardhini kule Bonde la Ufa hauzimi, na mashamba makubwa ya kununua mbolea yako karibu na huko. Bila mnunuzi aliyetia sahihi, benki haitoi kitu."

"Basi tufungulieni waya," ndugu yangu akasema.

"Ardhi tutaishikilia, Mzee. Huenda bei ya mitambo ikashuka."

Hawakumdanganya kuhusu haidrojeni. Hawakumwambia tu wao wenyewe wanaangalia nini, naye hakuuliza, kwa sababu alidhani anajua.

Alirudi nyumbani kwake mtaani Tena. Shinikizo la damu likampanda, figo zikafuata. Alilazwa mara tatu, na akatuacha asubuhi ya tarehe 9 Septemba 2025.

Kwetu mwanamume huzikwa bomani kwake, na asiye na nyumba hujengewa ndogo inayokamilika kwa siku moja, kabla mwili haujaingia. Tuliomba kampuni nafasi ya nyumba hiyo na ya kaburi, kando ya baba yetu, ambaye kaburi lake sasa tunalitazama kupitia waya. Walijibu kwa barua kwamba mkataba hauruhusu. Ndiyo maana tuko hapa. Nina hasira na wao. Nina hasira naye pia, na nampenda vilevile.

Ameacha mjane, Anyango; watoto, Jackton na Lorraine; wajukuu wanne; na mimi. Ameacha pia mama yetu, Nereah, mwenye miaka themanini na tisa, anayeishi katika chumba cha kupanga sokoni karibu na kijiji tangu waya uzungushwe. Safari ya kuja hapa hangeiweza. Jana alinipigia simu, akauliza, "Nyumba ya Sylvance mmeshaijenga? Mwili unafika saa ngapi?" Nilimwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Apumzike kwa amani, hata huku ugenini.