Mwalimu wa Mwaka Uliofutwa

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, na ninyi mliopita mikononi mwa marehemu pale chuoni, familia imenituma mimi, mdogo wake wa pekee, niwasomee maisha yake, na kwa kuwa mimi ni fundi cherehani na si msomi, mkiona mahali nimeshona upande, nivumilieni, mwenye kunisahihisha ndiye huyu tunayemsindikiza.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, katika nyumba za watumishi wa reli, chumba cha mwisho kilichopakana na ghala, mtoto wa kwanza wa mlinzi wa kivuko cha treni, akaanza shule ya msingi Januari 1957 na kumaliza sekondari mwaka 1968, na miaka yote hiyo alikuwa mtoto wa kuuliza kuliko kucheza, mpaka baba yetu alikuwa akimwona anakuja anashika kofia yake na kukumbuka kazi ya upande wa pili wa reli. Alijiunga na chuo cha ualimu mwaka 1969, akahitimu Novemba 1970 akiwa wa kwanza katika mbinu za kufundisha, na maandalio yake ya somo yalinyooka kama suruali iliyopigwa pasi.

Tarehe 11 Januari 1971 alianza kazi katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, na muhula ule ule likamkuta jambo lililomkaa rohoni hadi mwisho, kwani msichana wa darasa la tatu alielekeza kidole dirishani, akauliza kwa nini mwezi umetoka mchana kweupe, na kaka, ambaye hakujua, na ambaye alikuwa amefundishwa kwamba mwalimu hakwami mbele ya watoto, akajibu kwa sauti kavu kwamba ule si mwezi, ni wingu. Mtoto akautazama mwezi, akamtazama mwalimu, kisha akainama akaandika kwenye daftari lake: wingu. Jioni ile kaka hakugusa chakula, akaniambia kwamba chuo kilimfundisha namna ya kusema lakini hakikumpa cha kusema, na kwamba yule mtoto alikuwa na macho mazima mpaka alipokutana naye.

Ndiyo maana aliomba ruhusa ya masomo, akaingia chuo kikuu mwaka 1975, akasoma historia, hesabu, muziki na kila somo ambalo mlango wake haukufungwa, akarudi mwaka 1978, na tarehe 3 Septemba 1979 akaajiriwa kuwa mkufunzi katika chuo kile kile kilichomlea. Hapo, kwa baraka za mkuu wa chuo wa wakati huo, alianzisha mwaka wa elimu ya jumla, yaani kabla mwanachuo hajafundishwa kuandaa somo wala kushika chaki, alisoma mwaka mzima habari za watu wa kale na za nyota, akachora majani, akaimba, akahojiana na mwenzake bila kugombana, kwa sababu kaka alikuwa akisema mbinu ni kijiko, na kijiko kitupu hakijamshibisha mtu. Wanachuo wakambatiza Mzee wa Jumla, wakidai wakufunzi wengine wote wanauza rejareja, naye jina akalipenda. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa wa mdomo, angekuuliza na kukuuliza mpaka ufike mahali usipojua, na hapo alitaka kusikia maneno mawili tu, sijui, tutafute, na aliyejiumauma akatunga jibu alirudi wiki iliyofuata, hata awe na alama mia za kuandika.

Tarehe 18 Septemba 1982 alifunga ndoa na mkutubi wa chuo, shemeji yangu, mwanamke mcheshi aliyesema ameolewa na mume pamoja na mzigo wake wa vitabu, wakajaliwa mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 1985. Shemeji alitutoka tarehe 27 Februari 2001, na nyumba ikapoa.

Tarehe 15 Oktoba 2004, katika ukumbi mdogo wa walimu, kikao kiliufuta ule mwaka wa jumla, na tuseme kweli, hawakuwa watu wabaya, shule zilikuwa na madarasa yasiyo na walimu na mafunzo yalipaswa kufupishwa, mikono yote ikanyanyuka isipokuwa wa mtu mmoja. Akapewa kazi ya kusimamia ratiba, lakini ufunguo wa darasa lake la mwisho wa korido hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya, na kila Jumatano alifungua, akafuta ubao usio na kitu, akakaa mbele ya viti vitupu hadi kengele ilipolia, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Januari 2005 binti yake mwenyewe aliingia chuoni hapo, katika mafunzo mafupi, na baba akawa anamwona kupitia dirishani akiwahi vipindi vya mbinu, na siku moja mezani binti akamwambia, "Baba, watoto wanasubiri walimu. Mwaka mzima wa nyota na nyimbo ni anasa." Kaka aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. Tangu siku ile wakabaki na shikamoo, marahaba, umekula, nimekula, kisha binti akapangiwa shule ya mbali, akawa mtu wa kuja likizo. Kaka alikuwa mpweke, nisiwafiche, na upweke wa mtu mwenye mengi ya kusema ni mbaya kuliko wa mnyamavu, nikipita jioni nilimkuta anabishana na redio, na ilikuwa ikimshinda.

Sasa sikieni. Jumamosi tarehe 14 Aprili 2018 binti alifika bila taarifa, na hata mkoba hakuutua, akamweleza baba yake kwamba mwanafunzi alimwuliza kwa nini watu wa zamani walikubali kutawaliwa, naye akamjibu kwamba hilo halimo kwenye mtaala, mtoto akakaa, na tangu siku hiyo darasa lile halikuuliza tena. Akasema, "Baba, nifundishe ule mwaka." Kaka alikwenda kutafuta chaki, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na ubao, aliandika kwenye mlango wa jikoni.

Walianza na mwezi. Wakasoma kila Jumamosi, binti akija kwa basi la Ijumaa usiku, na marehemu alipoanza kuugua figo mwezi Machi 2019 masomo yalihamia wodini, kitanda cha tatu, karibu na dirisha, hadi asubuhi ya Jumamosi tarehe 2 Novemba 2019, ambapo mtihani wa mdomo ulikuwa bado haujafanyika. Asubuhi hiyo mwanafunzi ndiye aliyeuliza, akamshika mkono akasema, "Baba, huko unakokwenda kukoje?"

Akajibu, "Sijui, mwanangu."

Binti akasubiri neno la pili, kama walivyolisubiri wengi wenu, akasubiri mpaka muuguzi alipomgusa bega, na halikuja, ikambidi alitamke mwenyewe, peke yake, mbele ya mtu asiyesikia tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa kwa kutovunja darasa lao pale wodini, majirani waliomletea uji bila kuombwa, na wakufunzi wenzake, pamoja na wale walionyanyua mikono siku ile, kwani leo mmekuja wote. Mlango wa jikoni haujafutwa, na binti ameomba usifutwe.

Kaka, neno la kwanza umelisema wewe, la pili umetuachia sisi. Pumzika kwa amani, tutafute.