Aliyeleta Ngozi: Bi. Nyamizi Bujiku na Kilomita Nne za Barabara ya Nchi Tatu

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Ajuaye kilicho chini ya udongo kabla jembe halijaugusa, naanza. Nawasalimu kwa amani wasomaji wote wa jarida letu. Waislamu wenzangu, assalaamu alaykum. Ndugu Wakristo, Bwana awe nanyi. Na wazee wa Kishapu mnaosomewa na wajukuu, mwangaluka.

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Nyamizi Bujiku, Fundi Sanifu Mkuu wa maabara ya udongo katika Ofisi ya Pamoja ya Ushoroba hapa Shinyanga, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu nilisimamia masjala ya ofisi hii mpaka nilipostaafu, na barua zake zote zilipita mikononi mwangu. Moja kati ya hizo nilitamani isipite. Nitaieleza mahali pake.

Alizaliwa Kishapu mwaka 1965, binti wa mfugaji. Aliingia kazini akiwa kibarua wa kubeba magunia ya sampuli, akayabeba kichwani kutoka machimbo ya kifusi hadi kwenye gari. Cheti cha ufundi sanifu alikipata akiwa mama wa watoto wawili, akisoma huku akinyonyesha. Wengi wetu tulimwita Mama Masalu, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

Kila tabaka jipya la barabara aliliendea kwa namna ile ile: huvua kiatu kimoja, husimama kwa kisigino, hunyamaza, ndipo hufungua vyombo vyake. Madereva walisema Mama Masalu ameficha kipimo mguuni. Siku ya harusi ya bintiye kule Geita alisimamisha msafara mzima kwa kuwa aliona ufa kwenye kalavati. Bwana harusi alijifuta jasho, bibi harusi akalalamika kuwa wanja unamtiririka, na mama akaendelea kupima ufa kwa kitambaa cha kichwani. Kalavati lile lilizibwa wiki iliyofuata. Ndoa nayo, alhamdulillahi, ipo imara hadi leo.

Sasa niwakumbushe jinsi barabara yetu ilivyopatikana, maana vijana mnaipita kana kwamba ilishuka na mvua. Majirani zetu wawili hawana bahari. Mafuta yao, saruji yao na dawa za hospitali zao hupita katika ardhi yetu. Kwa hiyo nchi tatu zilikubaliana kuijenga kwa pamoja barabara itokayo Shinyanga, ipite Geita, ifike mpakani. Kila nchi ilete fungu lake, ingawa sehemu kubwa ya barabara imelala Tanzania. Mafungu yalitolewa kwa awamu, na hakuna awamu iliyofunguliwa kabla nchi zote tatu hazijaipokea kazi ya awamu iliyotangulia. Mapokezi hayo yalianzia kwenye saini ya mtu mmoja wa maabara. Saini hiyo ilikuwa ya Bi. Nyamizi.

Masika ya mwaka 2019 alikwenda kukagua kilomita nne karibu na Mwakitolyo, ambazo alikwisha kuzitia saini. Pembeni mwa barabara aliwakuta wanawake wameinama na makarai yao, wanaosha udongo uliomomonyoka kwenye tuta.

"Shikamoo, Mama Mhandisi," alisema mmoja wao, Asteria, bila kutoa mikono majini.

"Marahaba. Mnaosha nini barabarani?"

"Barabara yenyewe! Ina dhahabu kuliko shimo la mume wangu."

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja akadakia, "Shimo la mumeo si shimo, ni choo!" Bi. Nyamizi hakucheka. Aliomba karai, akachota, akaosha kwa mkono wake. Chini ya karai ukabaki mstari mwembamba unaong'aa.

Kila mtu wa ukanda wetu anajua maana yake. Kifusi cha kilimani hakina dhahabu, wala hakuna mwanamke wa Mwakitolyo atakayeinamia kitu kisicho na kitu. Wanawake wale huosha marudio, yaani mchanga ambao wachimbaji wamekwisha kuuosha na kuutupa. Madereva wa mkandarasi mdogo mmoja waliona machimbo ya kifusi yako mbali na lundo la marudio liko karibu, wakafupisha safari, wakapakia marudio. Nasi tulikuwa na desturi mbaya ya kuchukua sampuli asubuhi kwenye machimbo ya kifusi, badala ya kuchukua barabarani. Bi. Nyamizi alipima kifusi kizuri, akasaini barabara asiyoipima. Na hata kisigino chake, alituambia baadaye, hakikusimama pale. Siku ile alikuwa na haraka. Marudio hayashikani. Masika mawili tu, yangekuwa uji chini ya lami.

Kikao cha nchi tatu, cha kupokea awamu ile na kufungua fungu la pili, kilikuwa kimebakiza siku kumi na mbili. Mkuu wetu, Mhandisi Ndaki, alipopata habari alimwita. "Mama Masalu, siku kumi na mbili tu. Wakishafungua fungu, tutafukua kimyakimya. Ukisema sasa, majirani watajitoa, barabara itafia Geita, na wewe utaondoka bila kiinua mgongo."

Alikuwa amebakiwa na miaka sita ya kazi. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilimfuata maabara nikamshauri anyamaze. Nilimwambia kwamba sitara ni jambo jema, na anayesitiri aibu husitiriwa.

Alinijibu huku akifunga mdomo wa gunia kwa kamba ya katani: "Mzee Yasini, aibu ni yangu, isitiri ukipenda. Barabara si yangu."

Nimesoma vitabu vya dini tangu utotoni, na bado nilihitaji kukumbushwa. Sitara ni ya kufunika udhaifu wa mja. Haikuwekwa ifunike shimo njiani ambamo wasafiri watatumbukia. Kesho yake alileta barua ya ukurasa mmoja, nakala tatu, moja kwa kila nchi. Sentensi ya kwanza ilisema: "Nilisaini kilomita nne ambazo sikuzipima." Nilizigonga muhuri kwa mkono mzito, nikazipeleka.

Kikao kilikuwa kigumu. Kiongozi wa ujumbe wa jirani mmoja, Mhandisi Serafina, hakuzunguka. "Tunaweka fedha katika ardhi isiyo yetu, nanyi mnatushindilia takataka za machimbo. Nipeni sababu moja ya kuendelea." Mhandisi Ndaki aliinamia karatasi zake. Bi. Nyamizi aliinuka, akaweka gunia lake la marudio mezani, juu ya kitambaa cheupe, akalifungua.

"Kwetu Kishapu," alisema, "mtu mwenye ng'ombe wengi humkabidhi mwenzake baadhi wamtunzie. Maziwa ni ya mtunzaji, ng'ombe ni wa mwenyewe, na zizi liko mbali. Ng'ombe akifa, hutumi salamu. Unamchuna, unamletea mwenyewe ngozi, aone kwa macho yake kwamba hukumla. Mlitukabidhi ng'ombe. Amekufa mikononi mwangu. Nimeleta ngozi."

Mhandisi Serafina alichota marudio yale, akayasugua kwa vidole, akauliza ni nani angegundua kama barua isingeandikwa.

"Lori lenu la kwanza, masika ya pili," akajibiwa.

Majirani hawakujitoa. Walitaka kilomita zile nne zifukuliwe kwa gharama ya mkandarasi. Walitaka pia kila sampuli ichukuliwe barabarani, igawanywe katika magunia matatu yenye lakiri, na kila nchi ipime lake nyumbani kwake. Wapo waliotaka Bi. Nyamizi aondolewe. Mhandisi Serafina alikataa, akasema magunia yale yafungwe na mkono ule ule. Bi. Nyamizi alipewa barua ya onyo. Aliomba nakala, akaibandika ukutani maabara, juu ya mizani, na ipo mpaka leo imefifia. Fungu la pili lilichelewa miezi saba, lakini lilikuja. Barabara ilifika mpakani mwaka 2023. Magunia yale matatu tunayaita "ngozi", na vijana wa maabara huulizana kila Jumatatu, "Ngozi zimeondoka?"

Vijana, shikeni jambo hili kwa nguvu. Nchi jirani hazifungwi pamoja na mikataba peke yake. Mkataba ni karatasi. Kinachomfanya mtu aweke mali yake katika zizi la mwenzake ni kujua kwamba siku ya msiba ataletewa ngozi.

Wiki iliyopita lori lilitoka mpakani likiwa na mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe, pamoja na vibali vya mifugo vya pande zote mbili. Barua ya Mhandisi Serafina ilikuwa na mistari michache: "Na kwetu hukabidhiana ng'ombe. Mtunzaji mwaminifu hupewa ndama. Mama hakutudai, tumemleta wenyewe." Bi. Nyamizi hakungoja ofisini. Alikwenda kulipokea lori pale pale Mwakitolyo, katikati ya kilomita zake nne. Alivua kiatu kimoja, akasimama kwa kisigino juu ya lami. Kisha akavaa kiatu, akapanda kando ya dereva, wakaenda Kishapu.

Mama Masalu, nilikushauri unyamaze, nawe hukunisikia. Nakushukuru kwa hilo kuliko kwa yote. Nenda kapumzike kwa heri, maziwa ya mtamba wako yawe mengi na miguu yako isichoke.

Nawe msomaji, Mwenyezi Mungu akubariki wewe na nyumba yako, awalinde wasafiri wako waendako na warudipo, na akujaalie jirani ambaye siku ya hasara atabisha hodi mlangoni kwako na ngozi mkononi. Amina.

Yasini, aliyekuwa Mkuu wa Masjala
Shinyanga