Miaka Yangu ya Kuwasomea Gazeti la Serikali

Bwana Mkuu wa Wilaya. Mheshimiwa Mukama, mtawala wetu wa jadi. Mchungaji na Padre, ambao leo nawaona benchi moja. Wazee wa Buganguzi, akina mama, na ninyi mliofuata ndizi na nyama: nawasalimu nyote.

Nimesifiwa tangu asubuhi, leo mnaponiaga kazini. Karani Gamaliel, miaka ishirini na miwili, hakukosa soko hata moja. Kweli, sikukosa. Kila Jumamosi niliwasomea gazeti la serikali, na nilipomaliza mzee Rutashobya alipitisha kahawa ya kutafuna. Wageni huenda hawajui: hapa kwetu, ukitafuna kahawa baada ya maneno ya mtu, umeyapokea. Nanyi mlitafuna.

Mwaka 1944 gazeti lilisema vijana wetu walioko vitani Burma ni wazima wote. Nikasoma kwa sauti kubwa. Lakini ofisini, mezani kwangu, ilikuwapo simu ya maandishi kwamba Rwegasira, mtoto wa Mama Verdiana, ameuawa. Niliambiwa: ngoja kwanza, watu wasivunjike moyo. Nikangoja miezi minane. Miezi minane mama huyu, aliyeketi pale mbele, alipalilia migomba ya mwanawe, akanipungia mkono kila nilipopita. Nami nikampungia!

Habari ilipojulikana, hakuna aliyenitukana. Jumamosi iliyofuata kahawa ilipitishwa, kila mtu akampa jirani yake, mpaka ikamrudia Rutashobya haijaguswa.

Halafu ikaja ndui. Nikasoma: leteni watoto wachanjwe. Safari hiyo gazeti lilisema kweli, na mimi niliwasihi huku nikilia. Nani angenisikia? Mama Verdiana alimjibu dresa wa hospitali aliyekuja kuchanja, "Gamaliel alisema hata Rwegasira ni mzima." Georgina, binti yake aliyebaki, tulimzika kabla ya mvua za vuli. Ndugu zangu, ni ndui peke yake iliyomuua mtoto yule?

Mama, sikuombi msamaha hapa, maana mbele ya watu ungeona haya kuninyima. Nitakuja nyumbani, nawe unifukuze ukitaka.

Bwana Mkuu, saa hii nzuri mliyonizawadia imechorwa neno "uaminifu". Naomba nisiichukue.

Na ninyi, Jumamosi ijayo karani mpya, Bwana Protase, ataanza kuwasomea. Msimwamini kwa sababu tu gazeti ni la serikali. Lakini siku akilikunja gazeti katikati ya kusoma na kukataa kuendelea, msimwache peke yake, maana kesho yake hatakuwa na kazi.

Mmenisikiliza mpaka mwisho, ingawa mngeweza kuondoka. Asanteni.